Kiasi cha Mandhari katika Igizo Dhima

Miongoni mwa maswali ambayo wanachuo hutuletea kila warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha, moja hujirudia: mwalimu aeleze mambo mangapi kuhusu mahali na wakati wa igizo dhima kabla ya kuwaachia watoto nafasi zao? Wengine huandika sentensi mbili wakaona zatosha. Wengine hujaza kurasa mbili. Sisi, tukilazimishwa kuchagua, tutaegemea ufupi. Lakini ufupi nao una masharti yake.

Tuanze na tuliyoyashuhudia. Mwanachuo mmoja alipangiwa Darasa la Tano katika shule moja ya delta ya Rufiji. Mada ilikuwa tahadhari dhidi ya mafuriko, na igizo lilihusu kikao cha kijiji: je, watu wahame bondeni mara moja, au wangoje kuvuna mpunga? Mwanachuo huyo alikuwa na bidii. Aliandika jina la kijiji halisi, idadi ya kaya, mashamba ya mlau, madungu ya kulindia ndege, tabia ya kila mjumbe, hata tarehe, aliyoichukua katika mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Kuyasoma yote kulichukua dakika 17 katika kipindi cha dakika 40. Ilipofika zamu ya mtoto aliyeshika nafasi ya mwenyekiti, alisimama, akamgeukia mwalimu na kuuliza, “Mwalimu, mwenyekiti alisemaje?”

Swali hilo lilitufunza mengi. Mtoto aliamini kwamba jibu limekwisha andikwa mahali fulani, na kazi yake ni kulikumbuka. Igizo likawa mtihani. Tena, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinamisha kichwa hadi kipindi kilipokwisha; nyumba yao ilichukuliwa na maji siku zile zile zilizotajwa. Mwanachuo hakuwa na habari. Wala tusimtwike lawama peke yake, kwani sisi wakufunzi ndio tuliodai “maelezo kamili” katika andalio la somo, na alama tulimpa.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Mwaka 1974 ulitolewa huko Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji hushika nafasi ya mtu fulani, na mmoja wao huwaeleza wenzake mahali walipo na yanayowakabili. Ulikuja na vijitabu 3 vidogo, visivyoeleza kwa kina nchi yoyote moja. Kila kiongozi alijibunia yake. Mwaka 1980 kikatolewa kitabu cha World of Greyhawk, chenye ramani na habari za falme nyingi. Tangu hapo wachezaji wamegawanyika: wapo wapendao nchi iliyokwisha elezwa, na wapo waonao kwamba maelezo mengi huwafunga mikono. Tofauti ni kwamba mchezaji ana jioni nzima, na mwalimu ana kipindi kimoja.

Wiki iliyofuata tulikaa na mwanachuo wetu, tukabakiza sentensi 3 na kijiji kisicho na jina: Mvua kubwa zimenyesha juu ya mto. Mpunga utaiva baada ya wiki 2. Kijijini kuna mitumbwi 4 tu. Darasa sambamba lililopewa sentensi hizo halikunyamaza. Mvulana mmoja aliuliza kama ni wakati wa bamvua, kwa maana bahari ikijaa sana maji ya mto hukosa pa kwenda, yakapanda mashambani. Mwingine akataka kujua nani atambeba bibi asiyeweza kutembea. Hayo yote hatukuyaandika. Watoto waliyaleta kutoka nyumbani.

Tukafurahi upesi mno. Sentensi zile zile tulizipeleka katika shule moja ya Kibiti mjini, kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Watoto walijadili kwa dakika 2, kisha wakaita basi. Hawakukosea: kwao basi ndilo lipitalo mlangoni kila siku. Ilitubidi kuongeza mambo 2, kwamba kijiji kiko kati ya mikoko pasipo barabara, na kwamba mtumbwi hupita mkondoni maji yanapojaa tu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Kwa hiyo kipimo chetu si urefu. Chukua andalio lako, futa sentensi moja ya mandhari, kisha ujiulize kama uamuzi wa watoto ungebadilika. Usipobadilika, sentensi hiyo ilikuwa pambo. Mitumbwi ikiwa 4 au 40, kikao hubadilika. Mwenyekiti akiwa mfupi au mrefu, hakibadiliki. Mengine uliyoyakusanya yaweke akiba, uyatoe utakapoulizwa.

Na mtoto akibuni lisilo kweli? Akisema mamba amezuia njia, mwache. Akikosea jambo ambalo ndilo somo lenyewe, usilikatize igizo. Liandike, ulirejee katika majadiliano. Kule Kibiti msichana mmoja alishikilia kwamba maji hujaa mara moja tu kwa siku. Tulikuwa tumekwisha shika chaki kumrekebisha, kumbe jirani yake, ambaye mjomba wake huvua kamba Nyamisati, alikuwa tayari anamchorea mezani kwa kidole jinsi yanavyojaa mara 2.