Kompyuta Rahisi, Umeme Ghali

Mwenye ofisi anapolinganisha profoma za kompyuta, jicho lake huenda kwenye bei, kisha kasi ya prosesa, kisha dhamana. Wati hazimo, na zikiwemo husomwa visivyo: 300 zilizoandikwa kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta ni uwezo wake wa juu, si kiasi inachokula. Kompyuta ya mezani ya mtumba pamoja na skrini yake, kwa kazi za kawaida za ofisi, hula wati 100 hivi. Kompyuta mpakato hula 25 hivi. Tofauti hiyo inastahili kuhesabiwa kabla hundi haijasainiwa, ingawa si kwa sababu wanayoitaja wauzaji wengi.

Wauzaji husema bili itashuka. Haya, tupige hesabu. Katika ofisi ya Dar es Salaam inayofanya kazi saa 9 kwa siku 300 za mwaka, ya mezani itakula yuniti 270 na mpakato 68. Yuniti ikiwa shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, unaokoa takriban shilingi 72,000 kwa mwaka. Tuseme mpakato imezidi bei kwa shilingi 250,000: fedha hiyo itarudi baada ya miaka mitatu na nusu, betri yake ikiwa tayari imeanza kuchoka. Kiyoyozi huongeza uzito kidogo, kwa kuwa umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hatimaye huwa joto, na kuliondoa hudai karibu theluthi ya umeme huohuo. Hata hapo akiba haifiki 100,000 kwa mwaka. Anayedai kwamba umeme wa kompyuta ni kitu kidogo mbele ya mishahara na pango, kwa hesabu hii hajakosea sana.

Mambo hugeuka umeme unapokatika. Kompyuta kumi za mezani zinahitaji kilowati moja, yaani yuniti 3 ili kazi iendelee kwa saa tatu. Betri za risasi na asidi hazipendi kutumiwa kupita nusu, kwa hiyo lazima uwe na hifadhi ya yuniti 6: betri tatu za volti 12 na ampea-saa 200, bila kuhesabu kinachopotea kwenye inveta, na mfumo ukiwa wa volti 24 zinakuwa nne. Baada ya miaka michache zinanunuliwa tena. Mpakato kumi zenye betri nzima zinaweza kupita sehemu kubwa ya saa hizo tatu zenyewe. Kinachobaki kutafutiwa umeme ni ruta, wati chache tu. Gharama kubwa ya kifaa kinachokula sana, basi, haiko kwenye mita ya LUKU. Iko kwenye betri, inveta na jenereta unazolazimika kuzinunua kwa ajili yake, na mhasibu huziandika kwenye fungu jingine, zisionekane zimeletwa na nani.

Wapo watakaosema mpakato huibiwa na ni tabu kuitengeneza. Kweli, ndiyo maana zipo kompyuta ndogo za mezani, ambazo pamoja na skrini hula wati 35 hivi na zinaweza kufungwa nyuma ya skrini hiyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutengeneza kompyuta mpya nako hula nishati nyingi, hivyo kutupa nzima ili kuokoa yuniti 200 ni upotevu. Nakubali kabisa. Hoja yangu inahusu siku ya kununua, si siku ya kutupa. Zilizopo zizimwe jioni: ya mezani inayoachwa ikikaa bure kwa wati 50 hula yuniti 303 nje ya saa za kazi kwa mwaka, zaidi ya inachokula ikifanya kazi. Seva haizimwi, lakini mwaka 2007 wahandisi wa Google, Luiz Barroso na Urs Hölzle, walionyesha kwamba hata isipokuwa na kazi hula karibu nusu ya umeme wake wa juu. Seva mbili zinazosinzia ziunganishwe ziwe moja.

Kwa hiyo ukiomba bei safari ijayo, mtake muuzaji aiwashe kompyuta mbele yako ikiwa imechomekwa kwenye mita ndogo ya soketi, kisha andika wati unazozisoma kando ya bei. Akikataa, nenda duka la pili.