Zana za Ofisi na Suala la Umiliki

Kila zana ya kazi ina mambo mawili ya kuchunguzwa: inafanya kazi gani, na ni nani anayeimiliki. Kuhusu programu za ofisi zinazotumika kwa njia ya intaneti, jambo la kwanza limekwisha kusemwa sana, hasa na wauzaji. La pili husahauliwa mpaka siku mlango unapofungwa. Hilo ndilo tunalokusudia kulichambua.

Zamani shirika lilinunua programu ya kuandikia barua na ya kupangia hesabu ikiwa ndani ya diski, likaiweka katika kompyuta zake. Hata muuzaji akifilisika, barua ziliendelea kuandikwa. Mwaka 2006 Google ilitoa huduma ya kufanya kazi hizo mtandaoni, na mwaka 2011 Microsoft ikaleta Office 365. Kwa utaratibu huu, programu na nyaraka hukaa katika mitambo ya kampuni, na shirika hulipa kwa mwezi au kwa mwaka kulingana na idadi ya watumishi. Tumetoka katika kununua nyumba, tumeingia katika kupanga chumba.

Manufaa yake ni ya kweli. Watumishi watano walio katika wilaya tano waweza kuandika taarifa moja kwa wakati mmoja, badala ya kutumiana nakala kumi ambazo hakuna ajuaye ipi ni ya mwisho. Kompyuta ikiibiwa, waraka haupotei. Anayewabeza watumishi kwa kupenda wepesi huu hajapata kutafuta bajeti ya mwaka jana katika diski iliyoharibika.

Lakini mpangaji hana ufunguo wa pekee. Julai 2025 Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo Nayara Energy, kampuni ya India yenye kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta huko Vadinar, ambayo karibu nusu ya hisa zake ni za Rosneft ya Urusi. India yenyewe haikuwa imeweka vikwazo hivyo. Hata hivyo Microsoft, kampuni ya Marekani, ilisimamisha huduma zake. Nayara ikalalamika kwamba imezuiwa kuzifikia barua na kumbukumbu zake yenyewe, kwa leseni ilizokwisha kuzilipia, ikaenda Mahakama Kuu ya Delhi. Huduma ilirudishwa kabla mwezi haujaisha. Tuangalie kiini cha jambo hili: mitambo ya mafuta ilikuwa yao, ardhi ilikuwa yao, wafanyakazi walikuwa wao, ila kabati la barua lilikuwa la mwingine. Tena, kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act, mamlaka za nchi hiyo zaweza kuidai kampuni yao itoe kumbukumbu hata zikihifadhiwa nje ya Marekani.

Njia yenyewe nayo ina mwenyewe. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Ofisi ambayo kila waraka wake uko ng'ambo ilipata shida hata kusoma barua iliyoiandika yenyewe.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, nayo haipatikani bure kama baadhi yetu tunavyopenda kudhani. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani liliamua mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali yake kwenda LibreOffice, programu huria. Zipo pia Nextcloud na Collabora, ambazo shirika laweza kuziendesha katika mitambo yake na bado watumishi wakaandika waraka mmoja kwa pamoja. Ada ya leseni hupungua, lakini kazi haipungui: lazima awepo fundi anayelipwa mshahara, umeme wa akiba, na mtu wa kuziba mianya ya usalama kila inapogunduliwa. Mtambo wa kujitegemea usio na fundi ni hatari kuliko chumba cha kupanga.

Kwa hiyo chama cha ushirika chenye watumishi sita hakina aibu kupanga. Kinachotakiwa ni kwamba kila mwezi nakala ya nyaraka zote ishushwe katika mfumo wa ODF, ambao ni kiwango cha kimataifa tangu 2006, iwekwe kabatini, na mtumishi mmoja ajaribu kuifungua intaneti ikiwa imezimwa.