Kutwa Mara Tatu

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati moja ya Tarime, mjukuu mgongoni. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo akaandika 1×3 juu ya bahasha ya dawa, akamwambia kwa upole: "Bibi, kimoja kutwa mara tatu, siku tano." Bibi akaitikia, akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga, akaondoka. Siku ya tatu alirudi na mtoto bado anachemka. Dawa alikuwa ametoa bila kuruka hata siku moja: asubuhi, saa sita mchana, na jua linapozama. Usiku hakutoa kitu. Kutwa, kwa Kiswahili anachokijua yeye, huanza jua likichomoza na kwisha likizama. Usiku una jina lake, ni kucha. Hakukosea hata kidogo. Tuliokosea ni sisi tulioliweka neno hilo kwenye bahasha tukitaka limaanishe saa 24, bila kumuuliza mtu analisikiaje.

Tangu siku hiyo, nikisoma andiko la mradi wa afya lenye mstari kwamba wananchi kadhaa "watafikiwa na elimu", hujiuliza bibi yule angeandikwa safu gani. Jibu linaniuma: angeandikwa amefikiwa. Alihudhuria, alisikiliza, aliitikia.

Wataalamu wanazungumzia uwezo wa mtu kupata habari za afya, kuzielewa na kuzitumia. Mimi napenda kuuita kisomo cha afya, maana mkoa huu wa Mara, ilimo Tarime, na neno kisomo wanajuana zamani. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mara ikiwamo, na watu wazima wakajifunza herufi kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, uvuvi na migomba yao wenyewe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kwenda kuchimba vyoo. Redio inasifiwa sana katika habari hiyo. Mimi naona uzito ulikuwa kwenye nusu ya pili ya kikao, redio ikishazimwa, pale kiongozi wa kikundi alipowauliza wenzake: hapa kwetu jambo hili likoje? Alikuwa amefunzwa kuongoza mazungumzo, hakutakiwa kuhutubia.

Nusu hiyo ndiyo inayokatwa kwanza katika miradi ya siku hizi. Kinachobaki ni ukumbi, mtoa mada, posho ya nauli na karatasi ya mahudhurio.

Mfano unaonikaa moyoni kuliko yote ni wembe. Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, jando la wavulana na ukeketaji wa wasichana kwa kawaida huja na msimu wake, Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na wanaoufungua msimu ni wazee wa mila, inchama, katika vikao vyao vya siri. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Sambamba na sheria ikaenda elimu ya madhara: kutokwa damu, matatizo ya uzazi, na, kwa kuwa UKIMWI ulikuwa umekwishaingia, hatari ya wembe mmoja kupita kwa wasichana wengi. Ujumbe ulifika. Katika jamii nyingi zinazokeketa, ndani na nje ya Tanzania, watu waliusikia vizuri kabisa, wakatafuta wembe mpya kwa kila msichana. Ng'ambo ya mpaka, kwa Abagusii wa Kenya, wengi walikwenda mbali zaidi wakamkabidhi kazi hiyo muuguzi mwenye glavu na ganzi. Tuliwaambia hatari ni uchafu, nao wakauondoa uchafu.

Siwezi kusema watu hao hawakuelimika. Walielimika kwa kile tulichowafundisha. Tulichokiacha ndicho kilichokuwa kinamnyima mama usingizi: binti asiyekeketwa ataitwa msagane, atachekwa kisimani, ataolewa na nani? Mhudumu aliyesimama mbele ya kina mama akieleza bakteria alikuwa anajibu swali ambalo hawakuliuliza. Tena alikuwa anawaeleza watu ambao uamuzi wa msimu haumo mikononi mwao.

Kituo cha kuwahifadhi wasichana cha Masanga kule Tarime, na nyumba salama ambayo mwanaharakati Rhobi Samwelly aliifungua Mugumu, wilayani Serengeti, mwaka 2014, vilianzia kwenye swali jingine: msichana akikataa, Desemba hii atalala wapi? Ukishamjibu hilo, maneno ya afya yanapata mahali pa kutua. Hata wachora ramani waliingia. Wanafunzi na watu wa kujitolea katika mradi wa Crowd2Map waliviweka vijiji na njia za Serengeti kwenye ramani huria, ili anayekwenda kumwokoa binti usiku asipotee njiani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 28. Ni kushuka, lakini ni kushuka kwa mwendo wa kinyonga.

Kwenye chanjo ya mbwa mambo yamekuwa mepesi zaidi, na pana la kujifunza. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Katika miaka iliyofuata watafiti walianza kuchanja mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, dhidi ya ugonjwa huo na dhidi ya kichaa cha mbwa. Siku ya chanjo ni ya watoto: utawaona wakija wanavutana na mbwa wao kwa kamba ya katani, mnyororo, hata kipande cha kitenge. Kinachotakiwa ni asilimia 70 ya mbwa, na kila kampeni ina mbwa wanaobaki nyumbani. Sababu moja inajirudia: mwenye mbwa anaamini kitoto bado ni kidogo mno kuchanjwa. Tangazo lilisema "leteni mbwa". Kwake yeye, kile kilicholala jikoni bado hakijawa mbwa.

Mwanafunzi wa mifugo aliyetoka Chuo Kikuu cha Sokoine na yule wa uuguzi wanakutana na ukuta uleule. Mmoja lazima ajue neno "mbwa" linaishia wapi, mwingine lazima ajue "kutwa" inaishia wapi. Na mtu akishang'atwa wanahitajiana kweli, maana dakika 15 za maji tiririka na sabuni, kisha safari ya kwenda kutafuta chanjo bila kusubiri dalili, ndiyo tofauti ya uhai na kifo. Dalili zikishaanza, hospitali haina la kufanya.

Sasa tuwatazame wanafunzi hawa wanavyoandaliwa. Tangu kidato cha kwanza wamesoma sayansi kwa Kiingereza. Wakifika wodini wanatafsiri kwa Kiswahili, na mgonjwa naye anatafsiri kimoyomoyo kwa Kikurya au Kingoreme. Ujumbe unavuka mito miwili, na anayesimamia mtihani amesimama ukingo wa kwanza. Anapima kama mwanafunzi ametambua ugonjwa na kuchagua dawa sahihi. Kwa kumfanya aliyehudumiwa aelewe, hakuna alama.

Pendekezo langu ni dogo, na ningetaka lianze kabla ya mafunzo kwa vitendo yajayo. Msimamizi mmoja asikae chumba cha daktari. Amsubiri mgonjwa getini, amsalimu, amuulize: umeambiwaje, na ukifika nyumbani utafanyaje? Majibu hayo ndiyo yawe sehemu ya alama. Mwanafunzi atakayejua kwamba swali hilo linamsubiri mgonjwa wake getini atajifunza kuliuliza yeye kwanza, mezani. Polisi wa dawati la jinsia na mwalimu mwanafunzi wapimwe vivyo hivyo. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kupata zaidi ya 137,000 nchi nzima, wanalihitaji zoezi hili kuliko wote, kwa sababu wao ndio wanaoingia hadi jikoni.

Naambiwa foleni ni ndefu, muda haupo. Najua foleni ilivyo. Lakini swali hilo huchukua dakika moja, na bibi yule aliporudi alichukua asubuhi nzima, mtoto akiwa amezidiwa.

Mwanafunzi aliyemhudumia, namshukuru kwa hilo, hakumgombeza. Alivuta kiti, akasema, "Bibi, tupange upya. Ya kwanza ni lini?" Bibi akafikiri. "Ng'ombe wakitoka zizini." Ya pili? "Watoto wakirudi shule." Ya tatu ilimchukua muda, akamtazama mjukuu, kisha akasema atampa yeye mwenyewe anapokwenda kulala, baada ya kufunika moto. Mwanafunzi akageuza bahasha mpya upande usio na maandishi. Akachora ng'ombe, mtoto mwenye begi, na mafiga matatu.