Utangulizi: Kuusoma Moshi wa Injini

Nakuandikia wewe, msomaji, na hasa wewe fundi wa Kasongo au Kabambare uliyejifunza kazi kwa mkono na sikio. Elimu tunayoingia inachunguza moto tusioweza kuuona, kwa kupima kinachobaki baada ya kuwaka. Huku kusini mwa jimbo la Maniema elimu hii ina faida ya wazi. Mafuta hutoka mbali, bei hupanda mvua inapoharibu barabara, na mwishowe huuzwa kwa chupa na wauzaji wa kando ya njia, wale waitwao kadhafi. Injini inayotoa petroli isiyoungua humtia mwenye gari hasara kila kilomita.

Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua, moshi hujaa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hewa ikizidi, oksijeni hubaki. Sensa ya oksijeni huyasoma mabaki hayo. Ndani yake mna kauri ya zirkonia iliyopakwa platini. Upande mmoja unagusa hewa safi, wa pili unagusa moshi. Ikishapata joto la nyuzi 300 na zaidi, oksijeni yenye chaji hupenya kauri, na tofauti ya pande hizo mbili huzaa umeme: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Mjerumani Walther Nernst aliandika hesabu ya umeme huo mwaka 1889, wakati magari yenyewe yalikuwa machanga. Volvo ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye sensa hiyo, kazi ya Bosch, mwaka 1976.

Turbo huleta ugumu wake. Kabla ya turbini moshi una presha na joto kali: presha hupotosha kipimo, joto huua kauri. Kwa hiyo sensa hukaa baada ya turbini na kabla ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi. Anayeongeza sensa kwa mkono wake hushauriwa kushuka na bomba hadi sentimita 90 hivi, kisha achomelee nati ya uzi wa milimita 18. Sensa iinamishwe angalau nyuzi 10 juu ya mlalo, ncha ikitazama chini, maana tone la maji likiangukia kauri yenye moto huipasua. Tena turbo ikisukuma kwa nguvu, injini hupewa mafuta ya ziada, kilo moja kwa kilo 12 hivi za hewa, isije ikagonga. Sensa ya kawaida hujua tu kwamba mafuta yamezidi. Kiasi chake husemwa na sensa ya masafa mapana.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni tundu. Mashimo ya barabara ya Kasongo na Kabambare hulegeza maungio ya bomba na kulipasua. Ufa ukiwa mbele ya sensa, mapigo ya moshi huvuta hewa ya nje. Sensa huona oksijeni, kompyuta ya injini huamini mafuta ni haba, huongeza, na tangi hukauka upesi. Fundi hulaumu sensa, mteja hununua nyingine, na tatizo hubaki palepale. Sensa ilisema kweli tupu kuhusu hewa iliyopita mbele yake. Kwa maoni yangu, nusu ya elimu hii ni kujua kipimo kimesimama wapi.

Gari nyingi za kazi kwetu ni za dizeli, ambayo kwa kawaida huungua hewa ikiwa imezidi, na za zamani hazina sensa kabisa. Hizo zina sura yake. Sura ya kwanza inaanza na bomba la moshi la gari la petroli: injini ikiwa baridi, utaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa, utapuliza hewa ndani, na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kabla ya kugusa sensa yoyote.