Kelele za Feni na Kiyoyozi: Hewa Haina Njia

Mtu akichoshwa na kelele za feni au kiyoyozi chumbani, kwanza humwita fundi, na fundi akishindwa huenda dukani kuulizia mashine isiyo na sauti. Ni wachache wanaojiuliza hewa inayosukumwa na mashine hiyo inatoka wapi na inaelekea wapi. Kwa nyumba zetu za mwambao, kuanzia Mtwara na Dar es Salaam hadi Tanga na Mombasa, swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia. Sehemu kubwa ya kelele tunazozilaumu ni sauti ya hewa iliyonyimwa njia, na dawa yake iko kwenye dirisha, ukuta, mlango na dari kabla ya kufika kwenye mashine yenyewe.

Kanuni zake wahandisi wamezijua kwa miaka mingi, ila hazijafika sebuleni. Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hewa inayosukumwa nayo hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na umeme unaohitajika kuizungusha hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Sikio la binadamu huhisi punguzo la desibeli 10 kama sauti iliyokatwa nusu. Maana yake ni kwamba feni mbili zinazokwenda polepole husogeza hewa sawa na feni moja inayokimbia, kwa kelele ndogo zaidi na umeme kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa mabomba na matundu. Ukibana mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole, maji huanza kulia; hewa nayo hulia ikibanwa. Feni ya kutolea mvuke bafuni iliyofungwa kwenye bomba la inchi 4, ikibadilishiwa bomba la inchi 6, hupata njia pana mara mbili na robo. Hewa ileile hupita kwa mwendo usiofika hata nusu ya ule wa awali, na kwa hesabu, mvumo wake ndani ya bomba hupungua kwa kiasi kikubwa. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Ila mlango wa bafu usipokuwa na upenyo chini yake, hata bomba la inchi 6 halitasaidia kitu, kwa sababu feni haiwezi kutoa hewa ambayo haijapata pa kuingilia.

Tuingie chumba cha kulala cha kawaida, mita tatu kwa tatu na nusu, bati juu, siling bodi chini yake, dirisha moja la aluminiamu la kuslaidi, na pangaboi katikati. Mwezi wa Februari bati limekaangwa na jua mchana kutwa. Hewa iliyonaswa kati ya bati na dari haina pa kutokea, maana fundi ameziba kingo za paa ili nyumba ipendeze. Saa tatu usiku dari bado inashusha joto kichwani mwa mlalaji. Dirisha la kuslaidi hata likifunguliwa lote hutoa nusu tu ya upana wake, na nusu hiyo ina wavu wa mbu uliojaa vumbi. Pangaboi limebandikwa karibu na dari, na kwa kuwa huvuta hewa kutoka juu yake, ilhali juu hapo hakuna nafasi, linahangaika na kuvuma. Mlalaji anaweka namba 5. Kinachomfikia ni hewa ileile ya moto ikizungushwa kwa makelele. Sasa toboa matundu ya kutolea hewa kwenye paa, yenye wavu wa kuzuia popo, shusha pangaboi hadi mapanga yawe sentimita 25 au 30 kutoka darini na yasipungue mita mbili na robo kutoka sakafuni, kisha ipe hewa mlango wa pili wa kutokea upande wa pili wa chumba. Mlalaji yuleyule ataridhika na namba 2. Feni haipozi hewa, hupoza mwili: upepo wa kama mita moja kwa sekunde humfanya mtu ahisi nafuu ya nyuzi joto 3 hivi, na upepo huo hauhitaji namba 5 kama chumba hakijageuzwa tanuri.

Wajenzi wa zamani hawakuwa na kipimo cha desibeli, lakini nyumba zao zilijibu swali hili. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, unayoiona hadi leo Kariakoo na Ilala, ina ukumbi unaopita katikati kutoka barazani hadi uani, na mara nyingi kuta za vyumba vyake hazifiki hadi kwenye paa. Upepo wa kusi au wa kaskazi ukipiga upande mmoja, hewa ina pa kupitia hadi upande wa pili. Ziliuza faragha ili zinunue hewa, hilo lazima tulikiri. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakupa pole. Tulipoleta dari za kufunga kila chumba kivyake, tulipata faragha tukapoteza upepo, kisha tukanunua mashine ya kuurudisha kwa kelele. Tundu lenye wavu juu ya mlango, la aina iliyokuwa kwenye nyumba nyingi za serikali, lingetupa vyote viwili kwa kiasi cha kuridhisha.

Kiyoyozi kina mambo yake. Kwa kawaida sehemu ya ndani haileti hewa mpya hata kidogo. Huvuta hewa ya chumba, huipitisha kwenye chujio na mapezi ya baridi, kisha huirudisha. Vumbi likiziba chujio, hewa hupungua, chumba hakipoi, na mwenye rimoti anapandisha kasi. Mashine nyingi za siku hizi, katika kasi ya chini kabisa, hutoa desibeli 20 na kitu. Katika kasi ya juu hupita 40, wakati Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku. Jaribio ni rahisi. Zima mashine, chomoa chujio, iwashe kwa dakika moja, sikiliza. Upepo ukiongezeka na mvumo ukabadilika, kinachohitajika ni maji ya bomba na kivuli cha kukaushia chujio. Sehemu ya nje ndiyo inayoonewa zaidi. Huning'inizwa kwenye kichochoro cha nusu mita kati ya nyumba mbili, au hufichwa nyuma ya grili ya urembo, na hewa moto inayotoka mbele hugonga ukuta ikarudi kuvutwa tena nyuma. Kompresa hulazimika kusukuma gesi kwa mgandamizo mkubwa zaidi, hunguruma zaidi, na mita ya luku hukimbia. Isitoshe, ukuta mgumu ulio jirani huongeza sauti kwa takriban desibeli 3, na kona ya kuta mbili kwa 6.

Kuna watakaosema kwamba ukifungua njia za hewa unafungua pia njia za kelele: bodaboda, jenereta, baa ya mtaa wa pili. Ni kweli. Dirisha lililo wazi kidogo huzuia kama desibeli 15 tu za nje, na lililofungwa huzuia zaidi ya hapo. Lakini tundu la kuingizia hewa si lazima liitazame barabara. Linaweza kuwa upande wa uani, au likapita ukutani kwa kupinda, kuingia chini upande wa nje na kutokea juu upande wa ndani, likiwa limetandikwa sponji ya kumeza sauti. Kwenye tundu la namna hiyo hewa hupita kwa urahisi kuliko makelele.

Wengine watataja mbu na wezi. Kwa wezi, grili ipo na haizuii upepo kwa kiasi cha kuumiza kichwa. Wavu huzuia sana, kwa hiyo dirisha lenye wavu linapaswa kuwa kubwa kuliko lisilo nao, na wavu uoshwe. Kuhusu mbu wenyewe, tuna ushahidi wa hapa nyumbani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya nyumba sita za majaribio zilizojengwa katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zikiwa na kuta nyepesi zinazopitisha hewa na matundu yenye wavu. Nyumba za aina hiyo, hasa za ghorofa, zilikuwa na ubaridi zaidi usiku na ziliingiwa na mbu wachache zaidi kuliko nyumba za kawaida za kijiji. Kupitisha hewa na kuzuia mbu si mambo yanayopingana, mradi matundu yawe na wavu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la msimu. Kuna usiku ambao upepo hukatika kabisa, unyevu ukawa juu, na dirisha lote wazi halileti kitu. Usiku huo kiyoyozi kina haki yake, na inverta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka kwa kishindo, ni nzuri kwa anayeimudu. Ila chumba kiamue kazi yake. Kiyoyozi kikiwaka huku dirisha liko nusu wazi, mashine hupigana na hewa ya mtaa mzima kwa kasi yake ya juu, na aliyelala hapati ubaridi wala ukimya. Kifunge chumba wakati wa kiyoyozi, lakini kipitishie hewa saa nzima kabla ya kulala.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta hajakosa la kufanya. Jioni hewa ya nje ikishapoa, aweke feni ya kusimama kwenye dirisha la chumba cha mbali, ikitazama nje, kwa mwendo mdogo, na milango ya katikati ibaki wazi. Kisha awashe udi karibu na dirisha la chumba anacholala: moshi ukiingia ndani kuelekea mlangoni, njia imepatikana, ukisimama wima, kuna mlango au pazia limeziba mahali fulani, na alitafute kabla hajagusa namba ya feni.