Kelele Zilizopiga Hodi

Mwezi Juni mwaka 2008 tulipata nafasi ya kuhudhuria onyesho la bendi ya My Bloody Valentine katika jumba la Roundhouse, jijini London. Jumba hilo la mviringo lilijengwa mwaka 1847 kuwa karakana ya injini za gari moshi, na katika miaka ya 1960 likageuzwa kuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza na muziki. Usiku ule tulidhani injini zimerudi.

Mlangoni, baada ya kukaguliwa tiketi, kila mtu alipewa vizibo viwili vya masikio. Tulicheka. Mtu alipa kiingilio ili asikie. Mbona basi apewe kitu cha kumzuia asisikie? Kicheko chetu hakikudumu.

Bendi hiyo ya watu wanne ilianzishwa mjini Dublin mwaka 1983. Kiongozi wake, Kevin Shields, hupiga gitaa huku ameshika mkono wa chuma unaolegeza na kukaza nyuzi, hata sauti ikapanda na kushuka kama jahazi katika mawimbi. Waimbaji huimba kwa upole, mithili ya mtu aimbaye chumba cha pili. Katika muziki wa namna hii kelele si kasoro iliyoponyoka mikononi mwa fundi. Ndiyo rangi anayochorea. Wapo watakaosema kwamba huo si muziki hata kidogo. Nasi tulikuwa miongoni mwao mpaka ulipofika wimbo wa mwisho.

Wimbo huo, “You Made Me Realise”, ulitolewa mwaka 1988. Ulipofika katikati, uimbaji ulikoma, na wote wanne wakashikilia mvumo mmoja kwa muda uliozidi robo saa. Dakika za kwanza zilikuwa za chuki tupu. Nguo zilitutetemeka mwilini, na sakafu ikatuma mtikisiko hadi kwenye meno. Wengine walitoka. Sisi tuliobaki, vizibo masikioni, tukaanza kusikia ndani ya mvumo ule mambo ambayo hayakupigwa na mtu: mara tarumbeta, mara kwaya ya mbali. Wimbo uliporudi kwa ghafla, umati mzima ulishusha pumzi kama wapiga mbizi waliotoka majini. Hatukuwa tena na ujasiri wa kusema kwamba huo si muziki.

Lakini lililotukaa moyoni zaidi ni vile vizibo. Jiji hilohilo la London, mnamo Mei 31, 1976, lilishuhudia onyesho la The Who lililopimwa desibeli 126 umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika, likaingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa ushindi. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Pete Townshend, amekwisha kueleza hadharani jinsi masikio yake yalivyoharibika.

Sababu yake si siri. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huziua, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani hushauri kwamba mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8. Na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni za dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, sauti ipimwe wakati wote wa onyesho, wasikilizaji wapatiwe kinga ya masikio, na pawepo mahali pa utulivu pa kupumzikia.

Sisi hatudai kwamba muziki wa kelele upigwe marufuku. La hasha! Sanaa yoyote yenye nguvu huanza kwa kuwaudhi watu. Tunalosema ni kwamba kelele, kama mgeni yeyote mwenye adabu, hazina budi kupiga hodi. Zile za Roundhouse zilipiga hodi mlangoni, zikatuachia hiari ya kuingia na ya kutoka. Lakini sauti imwingiliayo mtu chumbani mwake saa nane za usiku, au imjeruhiyo kijana ambaye hakuonywa, ni jeuri, hata ikiwa ni ya wimbo mtamu.

Wenye kumbi na wapiga muziki wayatafakari haya. Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Ngoma ikipasuka huwambwa upya, sikio haliwambwi.