Vinu vya nyuklia na mafundi wanawake

Nchi kadhaa jirani za Afrika Mashariki zimeazimia kuzalisha umeme kwa nguvu za nyuklia. Kenya iliunda wakala wa kusimamia jambo hilo kwa sheria ya mwaka 2019. Uganda imekusudia kujenga kituo wilayani Buyende. Rwanda nayo, mwaka 2023, ilitia saini makubaliano na kampuni ya Dual Fluid ya kujenga kinu cha majaribio. Mijadala juu ya mipango hiyo imehusu zaidi fedha, usalama na ardhi. Lakini liko swali jingine lenye uzito: ni nani watakaokuwa mafundi wa vituo hivyo, na je, wanawake watakuwamo?

Litajwapo neno nyuklia, wengi huwaza mabingwa wa fizikia. Lakini kituo hakiwezi kujengwa wala kutunzwa pasipo wachomeleaji wa vyuma, mafundi bomba, mafundi umeme na mafundi mitambo. Viungo vya mabomba muhimu hupigwa picha za eksirei ili kutafuta ufa au tundu lisiloonekana kwa macho. Kiungo chenye kasoro hurekebishwa au hukatwa na kuchomelewa upya. Kazi hiyo yataka mkono uliotulia, subira na utii wa kanuni. Sifa hizo si za wanaume peke yao.

Hata hivyo, uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na Wakala wa Nishati ya Nyuklia wa nchi za viwanda ulionyesha kwamba wanawake walikuwa robo tu ya wafanyakazi wa sekta hiyo katika nchi zilizochunguzwa. Katika kazi za sayansi na ufundi walikuwa kiasi cha mmoja kwa kila watano.

Wapo wanaodai kwamba mionzi ndiyo inayowazuia wanawake. Dai hilo halina msingi. Kikomo cha kimataifa cha mionzi kwa mfanyakazi ni milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, awe mwanamume au mwanamke. Tofauti huja pale mfanyakazi anapoarifu kuwa ni mjamzito. Hapo mtoto aliye tumboni huwekewa kikomo cha milisivati 1 kwa muda uliosalia, na mama aweza kupangiwa kazi nyingine.

Kikwazo cha kweli kimo katika mipango ya kazi. Kwa kanuni za ufundi, mchomeleaji asiyechomelea kwa muda wa miezi sita hupoteza sifa yake mpaka apimwe tena. Mama aliyekuwa katika uzazi aweza basi kurudi akakuta mikono yake ina ujuzi ule ule, lakini cheti chake hakina nguvu. Mwajiri mwenye nia njema humwandalia mazoezi na mtihani, na humhifadhia nafasi yake.

Historia ya kusini mwa bara hili ina funzo. Kituo cha Koeberg, karibu na Cape Town, kilianza kutoa umeme mwaka 1984, zama za utawala wa ubaguzi wa rangi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, Waafrika walikuwa wamefungiwa milango ya uanagenzi wa ufundi. Mlango wa ujuzi ukifungwa mwanzoni, kuufungua baadaye huchukua umri wa kizazi kizima.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, nchi inayoanza huhitaji miaka 10 hadi 15 kabla ya kinu chake cha kwanza kutoa umeme. Muda huo watosha kumtoa msichana katika darasa la shule ya msingi na kumfikisha katika ufundi kamili. Lakini asipopewa nafasi mapema katika karakana za vyuo vya ufundi, siku ya kuwasha kinu ataitwa kupika chakula na kufagia ofisi. Samaki mkunje angali mbichi.